Teachable Machine kwenye hakathoni ya sekondari: tathmini kwa dagaa wa Kibirizi

Timu ya kidato cha tatu inayoingia hakathoni ya akili unde ikiwa na saa 48, kompyuta mbili za maabara ya shule na bando la mwalimu haina muda wa kujenga modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kuanzia mwanzo. Teachable Machine ya Google ndiyo njia fupi kuliko zote tunazozijua. Inafunguka kwenye kivinjari, ni bure, haidai kujisajili, na mwanafunzi asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anapata modeli ya kutambua picha kabla ya chai ya saa nne. Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja iliyokatwa tutaieleza, maana ndiyo huziumbua timu mbele ya waamuzi.

Toleo la kwanza lilitoka 2017 likiwa la kuchezea tu. Hili la sasa, la 2019, ndilo lililoruhusu kuhifadhi kazi na kuitoa modeli ili itumike kwingine. Lina aina tatu za kazi: picha, sauti na mkao wa mwili. Sauti ina kazi yake, lakini inataka mahali patulivu, na ukumbi wa mashindano haujawahi kuwa mahali patulivu. Mkao wa mwili unafaa michezo. Kwa Kigoma, uliko mwalo wa Kibirizi, picha ndiyo yenye mashiko.

Chukua wazo ambalo timu yoyote ya hapa inaweza kulitetea: kupanga dagaa wakavu kwa ubora. Walioanikwa kwenye chanja huuzwa bei nzuri, walioanikwa mchangani hugonga meno, na wale walionyeshewa kabla ya kukauka hupoteza mng'ao, hugeuka njano au kahawia na matumbo hupasuka. Hayo ni makundi matatu. La nne, ambalo timu nyingi hulisahau, ni "si dagaa". Zana hii hugawa asilimia 100 kati ya makundi uliyoipa, basi. Haina jibu la "sijui". Ioneshe kandambili, itakwambia ni dagaa wa chanja kwa asilimia 97, na mwamuzi mmoja lazima atavua yake aijaribu. Kundi la nne lijazwe sinia tupu, mchele, maharage, kiganja cha mkono, na migebuka mikavu. Hata hivyo, kwenye programu ya mwisho wekeni kizingiti: asilimia kubwa kabisa ikiwa chini ya 80, maandishi yaseme "sina uhakika, piga tena".

Kazi yenyewe iko kwenye picha, na hapa ndipo muda uende. Zana hukata kila picha iwe mraba kutoka katikati, kisha huipunguza hadi nukta (pikseli) 224 kwa 224. Pigeni hesabu. Sinia la upana wa sentimita 40 likijaza picha nzima, kila nukta inabeba karibu milimita 1.8 za sinia. Punje ya mchanga ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo haipo tena kwenye picha, na modeli haiwezi kujifunza kitu ambacho haikioni. Sogezeni kamera hadi mraba ubebe sentimita 10 tu, yaani dagaa wachache waliolala pamoja. Nukta inashuka hadi milimita 0.45, na punje nene zinaanza kuonekana juu ya magamba. Timu ikilalamika kwamba "mchangani" na "chanja" vinachanganywa, mara nyingi sababu ni umbali wa kamera.

Kosa la pili ni gumu kuligundua kwa sababu huleta matokeo mazuri. Ukiwapiga picha dagaa wa mchangani wakiwa bado mchangani pale Kibirizi, na wa chanja wakiwa juu ya wavu, modeli itajifunza kutofautisha mchanga na wavu. Samaki wenyewe haitawaangalia. Nyumbani itasoma asilimia 99, na mezani kwa waamuzi itabahatisha. Dagaa wa makundi yote wahamishiwe kwenye sinia lilelile, au bora masinia mawili ya rangi tofauti yanayotumika kwa makundi yote. Pigeni kwenye jua la asubuhi, kivuli cha ukumbi, na taa ya ndani usiku. Kama kundi moja lilipigwa mchana na jingine usiku, modeli itajifunza saa.

Kuhusu idadi: picha 150 hadi 200 kwa kila kundi zinatosha, mradi zitoke kwa wauzaji wasiopungua watano. Fungu la muuzaji mmoja lipigwe mara 30 au 40, na dagaa wakorogwe kila baada ya picha. Msitumie kile kitufe cha kushikilia ili kurekodi kwa kamera ya kompyuta. Kwa kawaida kinachukua picha 24 kwa sekunde, hivyo sekunde kumi tu zinakupa picha 240 za dagaa walewale waliolala vilevile. Zinajaza skrini na kufurahisha macho, ila ni sawa na picha moja iliyorudiwa. Pigeni kwa simu ya mwalimu, hamisheni kwa waya wa USB, bando libaki kwa kazi nyingine.

Harufu, ambayo mama yeyote anayeuza dagaa huianza kabla ya macho, kamera haina. Lisemeni hilo wenyewe kwenye wasilisho kabla hamjaulizwa.

Kufunza ni kubofya kitufe kimoja. Mipangilio ya awali ni mizunguko 50 (mara ambazo modeli hupitia picha zote), picha 16 kwa mkupuo, na kasi ya kujifunza 0.001. Iacheni. Kupandisha mizunguko hadi 200 kwa picha haba ni kuifanya modeli ikariri. Kompyuta ya zamani itachukua dakika kadhaa, na ukurasa huo usifichwe nyuma ya mwingine wakati inafunza, kwa kuwa kivinjari hupunguza kasi ya kurasa zisizoonekana. Picha zenyewe hazipandi mtandaoni, kazi inafanyika ndani ya kompyuta yenu. Intaneti inahitajika kufungua ukurasa na kupakua sehemu ya modeli ambayo tayari imefunzwa na Google. Hiyo ndiyo inayofanya picha 200 zitoshe badala ya maelfu. Uzuri wake kwa mtandao wetu ni kwamba ukikatika katikati ya kufunza, kazi inaendelea. Google Colab, ambayo hufunza modeli kwenye kompyuta za Google mtandaoni, haikupi nafuu hiyo.

Umeme ukikatika ni habari nyingine. Ukurasa ukifunguliwa upya, kila kitu kimepotea. Pakueni faili la kazi kwenye diski au flashi kila mnapomaliza kundi moja, msingoje mwisho.

Sasa asilimia. Zana huweka kando asilimia 15 ya picha zenu kwa ajili ya kujipima, na hukuonesha usahihi wa kila kundi pamoja na jedwali la kundi gani limedhaniwa kuwa lipi. Jedwali hilo ni zuri, lisomeni. Ila namba ya usahihi msiipeleke kwenye bango. Picha zinazowekwa kando huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka mafungu yaleyale, kwa hiyo modeli inatahiniwa kwa maswali iliyoyaona jana. Nunueni dagaa kwa wauzaji wawili ambao hawakuhusika kabisa, mmoja Ujiji na mmoja soko la Mwanga, mpige picha 40, muingize moja moja na kuhesabu kwa kalamu. Ikishuka kutoka 98 hadi 75, hiyo 75 ndiyo matokeo yenu, na waamuzi wanaoijua kazi hii wataiheshimu kuliko 98 isiyo na maelezo.

Tufike kwenye nyota iliyokatwa: kuitoa modeli. Kitufe cha "Export Model" kinatoa njia kadhaa. Ya kupandisha mtandaoni inakupa kiungo kwa dakika moja, lakini inategemea mtandao wa ukumbi, ambao siku ya mashindano unagombaniwa na simu za kila mtu. Ya kupakua inakupa mafaili matatu: model.json, weights.bin na metadata.json, na mfano wa ukurasa wa kunakili. Mfano huo una mitego mitatu, na zana haikuonyi hata mmoja.

Wa kwanza: unaita maktaba mbili za programu kutoka mtandaoni. Zipakueni mapema, tf.min.js na teachablemachine-image.min.js, muziweke folda moja na ukurasa, kisha mbadilishe anwani zake ndani ya mfano. Wa pili: ukiubofya ukurasa mara mbili kwenye folda hautafanya kazi, maana kivinjari hukataa kusoma modeli kwa njia hiyo. Fungueni dirisha la amri ndani ya folda, andikeni python -m http.server 8000, kisha mfungue localhost:8000. Wa tatu ndio unaoliza watu. Timu inawasha hotspoti ili simu ifungue ukurasa huohuo kwa namba ya IP ya kompyuta. Ukurasa unafunguka, kamera inagoma. Kivinjari hakiruhusu kamera ila kwenye https (anwani salama) au localhost (kompyuta yenyewe). Hakuna mpangilio wa Teachable Machine utakaoitibu. Onesho la nje ya mtandao lifanyike kwenye laptopu yenyewe, kwa kamera ya waya iliyoinamishwa juu ya sinia, sentimita 15 hivi, na mzime Wi-Fi wakati wa kujaribu ili mjue kweli inasimama peke yake.

Njia ya TensorFlow Lite ni ya kutengeneza programu ya Android. Inataka Android Studio, mzigo mkubwa wa kupakua na mtu aliyewahi kuitumia. Kwa saa 48, kama hayupo, iacheni. Modeli ndogo ya nukta 96 kwa 96, ambayo zana hii pia inaitoa, nayo haina rangi, na kwa dagaa waliogeuka njano rangi ndiyo ushahidi.

Jambo la mwisho la kujua kabla ya kuchagua wazo: zana hii inasema picha ni ya kundi gani, haihesabu wala haioneshi kitu kiko wapi ndani ya picha. Timu inayotaka kuhesabu mitumbwi mwaloni au kukadiria uzito wa sado itafute zana nyingine tangu siku ya kwanza.