Uzoefu wangu: Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, kwa wanaokwenda kutafuta "viumbe wa angani"

Nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya barabara ya kupanda mlimani, michoro haina kosa.

Picha zinazozunguka mitandaoni kuwa ni wageni walioshuka na visahani vya angani ni zile za watu wembamba, warefu kupita kiasi, waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vimetuna kama tufe. Zipo kweli. Maarufu zaidi ni ile ya mtu mmoja katikati akivutwa na wengine kutoka pande mbili, baadhi yao kama wamevaa vinyago. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiona kuwa ni utekaji wa mtu. Wengine wanaisoma kama ngoma ya kupandisha mzuka, wakiilinganisha na simbo, ngoma ya aina hiyo ya Wasandawe. Mimi naegemea hapo, na vile vichwa naviona ni mitindo ya nywele tu. Hadithi ya visahani inavutia watu, lakini ukisimama chini ya mwamba haikufikishi mbali.

Kufika ni rahisi hadi Kolo. Panda basi la Dodoma kwenda Babati au Arusha, lami tupu, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Kolo, zaidi ya kilomita 20 baada ya Kondoa mjini. Anza ofisi ya Mambo ya Kale palepale kijijini: unajiandikisha, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Dai risiti. Usikubali kijana wa barabarani akupeleke moja kwa moja, mtarudishwa.

Mungomi wa Kolo, penye mapango matatu yanayotembelewa zaidi, ni kilomita 9 hivi mashariki mwa barabara kuu. Kiangazi bodaboda inafika karibu na mlima. Masika ni utelezi, bora gari la kuvuta magurudumu yote. Patana nauli ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kukusubiri, maana kule juu hupati pikipiki nyingine. Mwisho unapanda kwa miguu kwenye mawe, kwa hiyo ndala ziache. Maji beba ya kutosha.

Wengi wanalalamika kwamba "hakuna kitu cha kuona". Tatizo ni mwanga. Jua likipiga mwamba moja kwa moja, wekundu unapotea. Subiri kivuli, kaa dakika kadhaa macho yazoee, kisha fuata mstari mmoja mmoja. Kwenye simu punguza mwangaza kidogo kabla ya kupiga, na zima flashi. Wenye DStretch, programu ya kukoleza rangi zilizofifia kwenye picha, wachague mpangilio wake wa LRE, inainua rangi nyekundu vizuri sana. Ila tahadhari: inainua pia madoa ya kutu ya mwamba, na nusu ya "visahani" ninavyoonyeshwa ni madoa hayohayo. Linganisha na jiwe lenyewe kabla hujasambaza.

Usimwagie michoro maji ili ing'ae. Wageni wa zamani walifanya hivyo na madhara yanaonekana. Kuigusa nayo ni kuiharibu, mafuta ya vidole yanabaki. Wenyeji bado wanafanya matambiko mlimani. Ukikuta vitu vimewekwa, viache na usipige picha bila kuuliza.

Huko Roswell, New Mexico, Wamarekani wana tamasha la visahani kila Julai kwa ajili ya mabaki yaliyookotwa 1947, yanayodaiwa kuwa ya kisahani. Kolo hutakuta mabanda wala vinyago vya kijani. Hapa ni Urithi wa Dunia tangu 2006, tena kimya.

Mwongozaji ndiye anayeamua siku yako. Mwulize mapema kama anaweza kutofautisha michoro myekundu ya wawindaji na myeupe ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Akikwepa, omba mwingine kwa adabu hapohapo ofisini, kabla pikipiki haijawashwa. Muda ukiruhusu, mwambie akupitishe kijiji cha Pahi, michoro myeupe ya huko iko wazi zaidi.