Pezi la inchi 8 kwenye longibodi yangu, nimelitumia Msimbati msimu wa kusi

Wadau, hii ni kwa wachache tunaobeba mbao za kupanda mawimbi kwenda ufukwe wa Msimbati, Mtwara. Mi nina longibodi (ubao mrefu) ya futi 9 na nusu, ilikuja na pezi la plastiki, lile linalokaa chini ya ubao upande wa nyuma, mwezi wa sita nikapita juu ya mwamba maji yameshaanza kupwa nikasikia tu kaa! limekatikia kwenye shina.

Nikapigia simu duka moja Dar nikasema nataka pezi la longibodi, wakanitumia yale madogo ya pembeni yenye vijino viwili, haliingii kabisa, kurudisha wakakataa na hela ya basi nimeshalipa. Iliniuma sana. Kwahiyo kabla hujaagiza geuza ubao piga picha boksi lake, pale pezi linapochomekwa, na futi ya kupimia pembeni. Boksi la katikati la longibodi nyingi ni mfereji wa inchi kama 10 na nusu, na pezi lake lina pini nyuma na tundu la skrubu mbele, kuna kibati kidogo kinazama ndani ya mfereji ndo skrubu inakamata hapo.

Sasa saizi. Watu husema kila futi ya ubao inchi moja ya pezi, ni pa kuanzia tu, kwangu ingekua 9 na nusu lakini kwa miamba yetu bamvua likitoka utakua unakwangua kila siku. Nikachukua inchi 8 la faiba, aina ya pivoti yani limesimama wima na ncha yake pana, halijalala nyuma kama la pomboo. Ukiliinua juani unaona nyuzi za kitambaa zimepishana safu kwa safu, plastiki haina hiyo ndo maana lile la zamani lilikua linapinda nikigeuza, ubao unachelewa. Hili ukitembea juu ya ubao kwenda omo (mbele), tezi (nyuma) inabaki imeshikwa na maji, aisee raha yake!

Ila siku kusi likichachamaa na mawimbi yamesimama, nyuma ya ubao kunateleza kidogo, nikalisogeza nyuma kwenye boksi kama upana wa vidole viwili ikatulia. Ukilisogeza mbele ubao unageuka chapu ila unayumba. Kama unapanda sehemu ya mchanga mtupu chukua 9 usiogope.

Lilishamegeka ncha mara moja, fundi wa boti za faiba pale Mikindani akajazia rezini akapiga msasa, elfu kumi, ukipapasa hupaoni.

Skrubu iwe stenlesi, ya kawaida wiki mbili tu imeshika kutu haifunguki, na nunua na kibati cha akiba kabisa maana changu kilidondoka mchangani nikakitafuta mpaka maji yakajaa, siku nzima ikaishia hapo.