Injini ya rota au ya pistoni?

Ukiishika rota ya injini ya Wankel (ndiyo injini ya rota) mkononi, utaona chuma chenye pande tatu, kama pembetatu iliyovimba. Hakuna valvu, hakuna pistoni za kupanda na kushuka. Ndiyo maana injini hii ni ndogo, nyepesi, na inazunguka laini ajabu. Baadhi ya Mazda RX-8 hufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Kwa raha ya kuendesha, naipa rota ushindi bila kusita.

Kwenye mafuta, pistoni inashinda kwa mbali. Chumba cha mwako cha rota ni kirefu na chembamba, hivyo sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua. Tena rota hula oili kwa makusudi: hupelekwa ndani kulainisha sili za kwenye ncha za rota, zinazozuia gesi isivuje. Sili hizo zikichakaa, mgandamizo unashuka na gari linagoma kuwaka, hasa injini ikiwa ya moto.

Spea na mafundi? Pistoni, popote ulipo.

Anayesafiri kila siku akihesabu lita achukue pistoni. Mwenye gari la pili, anayekagua oili kila anapojaza tangi na anayemjua fundi wa rota, achukue Mazda RX-7, nayo ya rota, bila hofu.