Uzoefu wangu: kuhamisha ruta ya faiba na kuvuta waya hadi uani

Kama unawaza kununua ripita (kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai) kwa sababu intaneti haifiki vyumba vya nyuma, hela hiyo nunulia waya. Nimetumia vyote viwili kwenye nyumba moja hapa Tabata, na ripita sasa iko kabatini.

Nyumba yetu ni ya tofali za saruji za inchi sita: sebule mbele, vyumba katikati, halafu uwanja mdogo na vyumba viwili vya uani, kimoja ninafanyia kazi na kingine analala mdogo wangu. Mafundi wa faiba walipitisha waya wao kwenye dirisha lililo karibu na nguzo, wakaweka ruta nyuma ya televisheni, wakapima spidi wakiwa wamesimama palepale, wakaondoka. Sebuleni 50 Mbps zote za kifurushi zilikuwepo. Uani yalifika masalia tu. Mawimbi ya waifai ya 5 GHz yanaishia kwenye ukuta wa pili, na yale ya 2.4 GHz yanayopenya zaidi ndiyo mtaa mzima unayagombania. Ripita iliongeza vijiti kwenye simu, lakini spidi haikuiongeza. Aina niliyokuwa nayo inapokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo karibu nusu inaliwa njiani.

Nikaomba ruta ihamishiwe kwenye korido, juu kidogo ya usawa wa mlango. Ada ya kuhamisha ipo, na nadhani ni halali, kwa sababu sehemu hii si ya kujaribu na kisu cha jikoni. Uzi wa kioo ulio ndani ya waya ule una kipenyo cha mikromita 125, na mwanga unapita kwenye mikromita 9 tu za katikati. Ukiukunja kona kali, mwanga unavuja hata kama waya kwa nje unaonekana mzima. Fundi alikata, akasafisha kwa spiriti, akavisha kichwa kipya cha kijani, taa nyekundu ya LOS, inayowaka mwanga usipofika, ikazimika. Wengi huishia hapo. Mimi nilifungua ukurasa wa ruta nikaangalia nguvu ya mwanga unaopokelewa: ilikuwa -19 dBm, ikawa -20 (namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga umepungua). Hiyo ni sawa. Ingekaribia -27 nisingemruhusu afunge begi lake.

Alipendekeza aivute faiba moja kwa moja mpaka uani, "umalize kazi, bosi". Ningekubali, ruta ingehamia uani na mama sebuleni ndiye angebaki anaangalia taarifa ya habari ikizunguka bila kufunguka.

Kutoka korido hadi uani ni kama mita 35, na waya wa mtandao wa shaba wa daraja la Cat6 unabeba gigabiti moja (1000 Mbps) hadi mita 100, kwa hiyo umbali haukunisumbua. Kilichonisumbua ni neno shaba. Kariakoo kuna boksi za mita 305 zilizoandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Ni mwepesi pia, boksi unainua kwa mkono mmoja bila kufikiria. Waya huo unafanya kazi siku ya kwanza, kisha vichwa vinalegea na nyuzi zinakatika kwenye kona. Mimi nilikatiwa kwa mita kwenye duka lililoniruhusu kukwangua kabla ya kulipa. Kwa kipande cha kupita nje chukua wenye ganda jeusi la nje, maana mweupe wa ndani unachanika kwa jua.

Fundi wa umeme alipitisha juu ya dari, akashuka ukutani, akavuka uwanja ndani ya bomba lililofukiwa. Alitaka kuutumbukiza kwenye bomba lenye nyaya za umeme kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Hapana, kila kitu na bomba lake. Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kuchomeka waya wa mtandao, akavibana, kompyuta ikaingia mtandaoni, lakini ikasoma 100 Mbps badala ya 1000. "Kaka, si inashika?" Inashika, ndiyo, kwa sababu 100 inahitaji nyuzi nne tu. Gigabiti inataka zote nane. Kwenye kifaa cha kupimia waya, chenye taa moja kwa kila uzi, taa ya nane haikuwaka: uzi wa kahawia haukufika mwisho wa kichwa. Akakata, akabana upya, ikawa 1000. Kwa kifurushi changu cha sasa tofauti isingeonekana, ila sikuwa tayari kuchimba tena siku nitakapopandisha kifurushi.

Uani nimeweka ruta ya zamani kama kituo cha waifai. Nilizima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani, nikaipa anwani 192.168.1.2 isigongane na ruta ya korido, nikachomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Jina na nywila ni zilezile za korido, chaneli tofauti. Simu inahama yenyewe ukivuka uwanja, ingawa wakati mwingine inang'ang'ania ya mbali mpaka uzime na kuwasha waifai. Spidi uani ni hamsini kwa waya, na mikutano ya video haijakatika tangu hapo.

Kuna mawili siyapendi. Umeme ukikatika, betri ndogo ya volti 12 inaishikilia ruta ya korido, ya uani inazimika, kwa hiyo lazima ninunue ya pili. Na shaba inayovuka nje ni njia ya radi: msimu wa masika nachomoa ncha zote mbili mawingu yakikusanyika. Aliye na majengo mawili yaliyoachana sana avute faiba kati yake na kuweka vibadilishaji viwili vya kugeuza mwanga na umeme, kimoja kila ncha. Kioo hakipitishi umeme, na kwa umbali huo gharama haizidi sana.