Mashine ya kunyolea ya kuchaji, baada ya miaka miwili na uhamisho mara mbili

Hii mashine ninayo miaka miwili sasa na nimehama nayo mara mbili, kwahiyo siandiki kama mtu aliyefungua boksi jana. Mimi ni msusi na pia nanyoa, mume wangu ni mwanajeshi, watoto watatu. Ukiolewa na mjeda unajifunza mapema kwamba saluni yenye viti vya kuzunguka na vioo ukuta mzima ni ya watu wasiohama, sisi karatasi ya uhamisho ikitoka unapakia, ukifika unaanza na wateja sifuri, hakuna anayejua mkono wako, unamnyoa mtoto wa jirani bure ili mama yake aulizwe huyu kanyolewa na nani. Ndo maana kifaa chochote nakipima kwa swali moja, kinaingia kwenye begi na kikitoka kinapiga kazi siku hiyohiyo?

Ya zamani ilikuwa ya waya, ile nzito inayopiga "tak" ukiiwasha, niliipenda sana jamani. Tukahamishiwa sehemu ambayo umeme wake ni volti 220 wakati mashine ni ya 110, na mimi kwa haraka za kuhama sikusoma kale kaandishi ka nyuma, nikachomeka, moshi. Nikanunua nyingine kama ileile nikaweka na transfoma, bado ikawa inanguruma na kukata kama ina usingizi, kumbe transfoma inashusha volti tu haigusi hezi (yaani umeme unapiga mizunguko mingapi kwa sekunde), na zile mota za sumaku mwendo wake unafuata hezi za umeme, iliyotengenezwa kwa 60 ukiipa 50 inazubaa. Hii inachajiwa kwa waya wa USB kama simu, volti ya ukutani haiihusu. Kusema kweli hicho peke yake ndo kilichonifanya nitoe hela.

Kazini iko vizuri. Vichana vinabana havichomoki katikati ya kichwa, namba 1 inaacha nywele za milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 4 kama 13 hivi, na fedi (ule mnyoo wa pembeni unaofifia kuelekea chini) inatoka safi kama mkono wako unajua. Vichwa vya kijeshi watu wanaviona rahisi ila havifichi kosa, pembeni chini kabisa juu kidogo, ukikosea mstari kesho yake kikosi kizima kinamwangalia mtu kisogo. Sauti yake ndogo, na kwangu hiyo ni kubwa maana mwanangu wa mwisho alikuwa akisikia ile ya zamani anajificha chini ya kitanda, hii nimemnyoa amelala begani kwa dada yake hadi namaliza hajashtuka.

Nimeitumia sana pia kwa wamama waliojifungua, wanakuja wanalia nywele zinatoka mafungu, wanataka kukata zote. Huwa nawaambia wasubiri, hiyo miezi ya tatu ya nne baada ya mtoto ni kawaida nywele kudondoka na zinarudi zenyewe, lakini kuna anayekwambia we nyoa tu, mume hayupo, watoto wananivuta hizi nywele, sina muda. Namwelewa. Nanyoa.

Sasa malalamiko. Swichi haina loki. Wakati wa kuhama niliiweka kwenye begi dogo la mkononi (mara ya kwanza niliogopa kuipeleka kwenye mzigo wa chini kwa sababu ya betri ya lithiamu), tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi ikajiwasha, begi linatetemeka, watu wanageuka, na mimi nina mtoto mgongoni na wengine wawili wameshika sketi. Nikaanza kutoa nepi moja moja mbele ya afisa mpaka tukaifikia.

La pili, haina taa ya kuonyesha chaji imebaki kiasi gani na mashine ikiwa inachajiwa kwenye waya hainyoi. Usiku wa mwisho kabla baba watoto hajaondoka kwa miezi saba ikazima nimemaliza upande mmoja tu. Nusu ya kichwa! Akakaa kwenye stuli na taulo shingoni kusubiri chaji, watoto wakaamka wakaja kumcheka, na wakagoma kurudi kulala hadi amalizwe. Sitasema sikufurahia, ila mteja wa kulipa huwezi kumfanyia hivyo.

Bledi ya juu ni ya seramiki, haipati moto haraka kama chuma, lakini ikidondoka ndo basi. Mwanangu wa kati aliidondosha, meno mawili yakaruka. Ukibadilisha mwenyewe hakikisha ile inayotembea imekaa nyuma kidogo ya ile iliyotulia, zikilingana ncha inang'ata ngozi, mi najaribisha kwenye mkono wangu kabla sijagusa kichwa cha mtu. Toa nywele kwa brashi kila mteja, safisha kwa dawa, matone mawili matatu ya mafuta ikiwa inazunguka. Na mtoto mwenye mapunye usimnyoe kwa aibu ya kumkatalia mama yake, mpeleke kwanza hospitali apewe dawa ya kumeza maana ya kupaka haifiki kwenye mzizi wa nywele, mashine ikishashika ule ugonjwa unawagawia wote waliobaki kwenye foleni.

Nyota nne. Nimeshaagiza ya pili ya aina hiihii, hii nampa binti yangu mkubwa maana anataka kujifunza na ameshamchagua wa kuanza naye, baba yake, akirudi mwezi ujao. Bado hajaambiwa.