Uzoefu wangu na Nadhiri ya Ufukara: mtawa asiye na kitu katika Dungeons & Dragons

Kitabu chenyewe ni Book of Exalted Deeds, kilichotoka 2003 kwa ajili ya toleo la 3.5 la Dungeons & Dragons. Huo ni mchezo wa mezani ambamo kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua matokeo. Kitabu nilikitafuta kwa sababu moja tu. Mchezaji wangu mmoja alitaka mtawa wa zuhudi, mhusika anayetegemea zaidi ngumi zake: fimbo, joho, kandambili, chakula cha siku moja kwenye mfuko, basi. Kipaji kinachomruhusu kucheza hivyo kinaitwa Vow of Poverty, na sisi mezani tuliita Nadhiri ya Ufukara. Ni kurasa chache, lakini ndizo nilizonunulia kitabu kizima, kwa hiyo ndizo nitakazozizungumzia. Nimezitumia kama DM, yaani msimamizi wa mchezo, katika kampeni ndefu (hadithi moja ya vikao vingi), kuanzia levo ya 1, daraja la chini kabisa la mhusika.

Kwa asiyelijua toleo la 3.5, ni toleo linalohesabu mali kuwa sehemu ya nguvu za mhusika. Mwongozo wa DM una jedwali kabisa: levo ya 5 unatarajiwa uwe na mali ya sarafu za dhahabu 9,000, levo ya 10 uwe na 49,000, levo ya 20 uwe na 760,000. Wanyama na mazimwi wote wamepimwa wakidhaniwa watapambana na watu wenye mali hiyo, yaani panga za uchawi, pete za kinga, mikanda ya nguvu. Ukimleta mtu mikono mitupu bila kumfidia, wenzake watambeba mgongoni, na mchezaji ataanza kuchezea simu wakati wa mapigano.

Nadhiri inafidia kwa namba, na mwanzoni inafidia vizuri mno. Binadamu anapata vipaji viwili levo ya 1, kwa hiyo anaweza kuchukua Sacred Vow, ambayo ni sharti, pamoja na Nadhiri yenyewe siku hiyohiyo. Papo hapo anaongezewa 4 kwenye AC, namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ndipo ampige. Kila mtu anaanza na 10, na mtawa wetu alikuwa na 3 za wepesi na 3 za hekima, jumla AC 20. Gobilini (kiumbe mdogo adui) wa kawaida anaongeza 2 kwenye dadu yake ya pande 20, kwa hiyo anahitaji 18, 19 au 20 ndipo amguse. Wakati huo mpiganaji wetu, aliyetumia kila senti kununua vazi la chuma, anapigwa kama ngoma. Na kumbuka mtawa wa 3.5 ndiye anayeanza mchezo akiwa na fedha kidogo kuliko wote, dadu tano za pande 4, sarafu kumi na kitu. Alichokisamehe siku ya kwanza ni karibu na bure. Mpiganaji aliniuliza, "Kaka, kwa hiyo huyu fukara ndiye tajiri wetu?" Sikuwa na jibu zuri.

Baadaye fidia inaendelea kumiminika. Levo ya 4 ngumi zake zinahesabiwa kuwa silaha za uchawi. Levo ya 5 hahitaji tena kula wala kunywa. Levo ya 7 sifa moja inaongezwa 2, na kuanzia hapo zinapanda kwa zamu. Levo ya 10 ngozi yake inaanza kupunguza madhara ya silaha za kawaida. Huko mbele kuna kutozuilika na minyororo wala utando, kupona majeraha kwenyewe, na levo ya 18 kuona ukweli nyuma ya kila kiini macho. Masista na mapadre waliokula nadhiri hiyohiyo huku kwetu wangefurahi kuongezewa hata 1 ya AC.

Kwa hiyo kwenye karatasi mizani imekaa sawa. Mezani haikukaa.

Tatizo nililoliona ni kwamba vitu vya uchawi si namba peke yake. Ni uwezo wa kuchagua. Mtu wa levo ya 10 mwenye 49,000 anaweza kununua viatu vyenye mabawa kwa 16,000 na kuruka mara tatu kwa siku. Au achukue viatu vya kasi kwa 12,000. Au ajaze mfuko wa hati za uchawi, moja ya kila balaa. Nadhiri haikuulizi unataka nini. Inakupa orodha ileile kwa wote, na ndani yake hamna kuruka. Zimwi lilipopaa juu ya mnara likaanza kutema moto, mtawa wangu alikuwa hapigiki kirahisi, ana nguvu, ana mwendo wa kutisha, na amesimama chini akilitazama. Kanuni inaruhusu mwenzake ampe dawa anywe au amrushie uchawi, lakini hapo tumerudi kwenye kubebwa.

Mchawi ana shida kubwa zaidi. Orodha ya vitu vinavyoruhusiwa ina mfuko wa viambato vya uchawi lakini haina kitabu cha uchawi, na mchawi wa 3.5 bila kitabu ameishiwa. Upande wa pili yuko druidi, kuhani wa maumbile anayeweza kujigeuza mnyama. Druidi wa kawaida akijigeuza tai au dubu, mavazi yake yanayeyukia mwilini na hayamsaidii. Wa Nadhiri akijigeuza, nyongeza zake zote anabaki nazo, na mabawa anayo. Kipaji kilekile kinamnyima mtawa, ambaye ndiye sura halisi ya zuhudi, na kumpa druidi ambaye hakuwa na njaa.

Nilichofanya: Nadhiri inatoa kipaji kitukufu (kimoja cha vipaji vya wema vya kitabu hiki) cha ziada levo ya 1 na kila levo shufwa, na ukweli ni kwamba vyenye maana kwa mtawa vinaisha mapema. Nikamruhusu abadilishe baadhi kwa kitu tulichokiita karama. Kila alfajiri anaomba jambo moja, kwa mfano kuruka, kuona visivyoonekana au kusema lugha ngeni, na analitumia mara moja siku hiyo, kwa nguvu isiyozidi uchawi wa levo ya 3. Haikuvunja chochote. Alianza kufikiri asubuhi, na wenzake wakaanza kumuuliza ameomba nini kabla ya kupanga safari.

Sasa sehemu nzuri, ambayo watu wengi wanairuka. Mwenye Nadhiri hatakiwi kuuacha mgao wake wa hazina kwa wenzake. Anauchukua, kisha anawapa wahitaji. Kimahesabu hii inazuia kundi lisitajirike kwa sababu ya mwenzao mmoja, na kama ingeishia hapo ningesema sawa, imetosha. Lakini kibarua katika dunia ya 3.5 analipwa sarafu moja ya fedha kwa siku, na kumi ndizo dhahabu moja. Mgao wa dhahabu 2,000 ni mishahara ya siku 20,000, zaidi ya miaka 54 ya mtu mmoja. Mtawa wetu aliingia mji wa bandari akalipa madeni ya wavuvi wote kwa mchana mmoja. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwakamata kwa madeni hayo alipoteza watumwa wake wa hiari, na kampeni ikapata adui ambaye sikuwa nimempanga. Hakuna upanga wa uchawi uliowahi kunipa hadithi kama hiyo.

Kuna kero pia, hasa za kufafanua. "Nishikie tochi nifungue kufuli," mwizi anasema, na meza nzima inanigeukia: kushika ni kutumia? Kanuni ni kali, maana ukiivunja faida zinapotea moja kwa moja na kipaji hakirudishwi. Amueni mapema. Sisi tuliamua kwamba kumshikia mwenzako si kosa, kupigana nacho ni kosa.

Nimejaribu pia njia ya Pathfinder, mchezo uliotokana na toleo la 3.5, katika kitabu chake cha Ultimate Magic cha 2011, ambako mtawa anabaki na vitu sita, kimoja kikiwa cha thamani, na analipwa pointi za ki (nguvu ya ndani ya mtawa), moja kwa kila levo. Kwa hadithi inapendeza, kwa mapigano ni njaa tupu. Pathfinder Unchained ya 2015 inanivutia zaidi: wahusika wote wanapata nyongeza kwa levo, na vitu vinabaki kuwa vionjo. Na kama unacheza toleo la 5, usihangaike, kwa sababu lile halikudai vitu vya uchawi tangu mwanzo. Mpe mtawa fimbo yake mwende.

Kwa wa 3.5 natoa nyota tatu kati ya tano, nne mkiongeza karama. Druidi mezani kwangu haruhusiwi kuichukua.