Friji Lililotumika Arusha na Moshi: Kundi la Mtaa, Marketplace, Jiji au Instagram?

Mwongozo huu ni wa mtu wa Arusha au Moshi anayetafuta friji lililotumika na anayejiuliza aanzie wapi mtandaoni. Nimechagua friji kwa makusudi. Ni kitu kizito, hakitambuliki kwa picha, na ubovu wake hujitokeza baada ya saa kadhaa, pengine baada ya siku, wakati muuzaji amekwisha kula fedha yako. Njia itakayokufaa kwa friji itakufaa pia kwa jiko la gesi au mashine ya kufulia. Nimezipanga njia nne kwa kutumia maswali mawili tu: je, unaweza kusimama mbele ya kitu kikiwa kinafanya kazi kabla hujatoa hata shilingi moja, na je, wiki mbili baadaye utampata aliyekuuzia?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa huduma ya matangazo ya mtaani. Marekani, Nextdoor ilifunguliwa mwaka 2011 kwa wazo la kuwaunganisha watu wa mtaa mmoja baada ya kuthibitisha anwani zao. Kwetu kazi hiyo inafanywa na makundi ya WhatsApp ya Njiro, Sakina, Moshono, Kijenge, na kwa Moshi makundi ya Soweto, Rau au Pasua. Anwani haithibitishwi kwa barua; unaingizwa na mtu anayekufahamu, na admini akikosa kukutambua anauliza unakaa karibu na nani. Kundi moja la WhatsApp huchukua watu 1,024 kwa kikomo, na idadi hiyo inatosha kabisa kwa mtaa.

Friji ninalotumia sasa nililipata kwa njia hiyo, kutoka kwa mama mmoja wa Sakina aliyekuwa anahamia Dodoma. Tangazo lake lilikuwa fupi: picha tatu, bei shilingi 300,000, na maneno “maongezi yapo”. Nilimpigia jioni nikamwomba alizime usiku ule ili nilikute limepumzika, kwa sababu friji linalokusubiri likiwa limewashwa tangu alfajiri huficha namna linavyoamka. Alikubali, akapeleka maziwa yake kwa jirani. Asubuhi aliliwasha mbele yangu. Kompresa ilianza bila kugonga wala kutetemeka, na baada ya dakika kama 40 ukuta wa friza ulikuwa umeanza kushika barafu nyembamba kila upande. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa kuwa barafu inayoganda kwenye kona moja tu mara nyingi ni dalili kwamba gesi imepungua. Kisha nilibana noti ya shilingi 2,000 kwenye mlango, sehemu moja baada ya nyingine, nikiivuta taratibu. Juu ilishikwa vizuri, lakini kwenye kona ya chini ilitoka bila upinzani wowote, maana yake raba ilikuwa imechoka. Nilimwonyesha mama, naye akapunguza shilingi 20,000 bila ubishi. Siku ya kumi taa ya ndani na kidhibiti cha ubaridi vilipoanza kusumbua nilimpigia tena, akanipa namba ya fundi aliyekuwa akilihudumia friji lile kwa miaka, na fundi huyo alijua tatizo kabla hajafungua hata skrubu moja. Sijui njia nyingine ya mtandaoni ambayo ingeniunganisha na fundi wa friji lenyewe.

Arusha ina faida nyingine inayoyafanya makundi haya kuwa na vitu vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, na hadi mwishoni mwa mwaka 2015 ilikuwapo pia mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Watu wa taasisi kama hizo huja kwa mikataba na huondoka mikataba inapokwisha, na anayeondoka hana sababu ya kung’ang’ania bei wiki ya mwisho. Shule za kimataifa zinapofunga mwaka wake mwezi Juni, angalia kundi lako asubuhi na jioni.

Upungufu upo, na ni wa kweli. Vitu ni vichache. Unaweza kusubiri mwezi mzima friji la ukubwa unaoutaka lisitokee. Tangazo huzama ndani ya saa moja chini ya taarifa za misiba, michango ya harusi na mbuzi aliyepotea, na usipotumia sehemu ya kutafuta ndani ya kundi hutaliona tena. Namba yako ya simu inaonekana na wote. Zaidi ya hayo, kupatana bei na mtu mnayesali kanisa moja au msikiti mmoja kunaleta haya, na wapo wanaolipa zaidi kwa sababu hiyo. Ushauri wangu ni kwamba bei ipunguzwe kwa kuonyesha kasoro, kama noti ile ilivyonisaidia, badala ya kulalamika kuwa huna fedha.

Nafasi ya pili ni Facebook Marketplace, iliyoanzishwa mwaka 2016. Nguvu yake ni kwamba inakuruhusu kuweka umbali kwa kilomita, kwa hiyo mtu wa Kijenge anaweza kuona vilivyo karibu naye kabla ya vingine. Weka umbali mdogo, kwa sababu Moshi na Arusha zimeachana kwa takriban kilomita 80, na friji la Moshi likiwa na bei ya kuvutia linaweza kukutoka ghali baada ya kulipia kirikuu. Faida ya pili ni ukurasa wa muuzaji, unaoonyesha mwaka aliojiunga na Facebook; akaunti ya mwezi uliopita inayouza vitu ishirini vya aina mbalimbali ni ya kuogopwa. Shida kubwa ni madalali wanaochukua picha za watu wengine na kuongeza chao juu, pamoja na wale wanaoandika bei ya shilingi 1 ili uwafuate kwa ujumbe. Dawa yake ni rahisi: mwombe muuzaji akupigie simu ya video akiwa mbele ya friji, afungue mlango na akuonyeshe kibandiko cha ndani. Mwenye mali hufanya hivyo papo hapo. Dalali husema yupo njiani.

Ya tatu ni Jiji, tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua. Kampuni hii ilianza Nigeria mwaka 2014, na mwaka 2019 ilinunua biashara ya OLX, tovuti nyingine ya matangazo kama hayo, katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwa kutafuta haina mpinzani kati ya hizi nne: unachagua mkoa, aina na kiwango cha bei, na matangazo hayazami. Mimi huitumia kujua bei ya soko kabla sijazungumza na mtu yeyote, na nakushauri ufanye hivyo hata kama utanunua kwingine. Kumbuka tu kwamba muuzaji anaweza kulipia tangazo lake likae juu, kwa hiyo kuwa la kwanza si ushahidi wa ubora. Wengi wanaotangaza humo ni wafanyabiashara, na hilo lina uzuri wake ikiwa duka lipo Arusha na linatoa garantii ya maandishi. Swali la kwanza kwa simu liwe “mzigo upo wapi?” Jibu likiwa Dar es Salaam, achana nalo.

Instagram naiweka mwisho kwa friji, ingawa kwa nguo na mapazia inafaa. Ukurasa unaweza kubadilishwa jina kesho, na maoni ya wanaolalamika yanaweza kufutwa. Muuzaji mmoja wa mbali aliwahi kunitaka nitangulize nusu ya fedha ya friji kabla ya kulipandisha kwenye basi. Nilituma shilingi 150,000, na kuanzia siku ya tatu simu yake haikupatikana tena. Tangu hapo sitangulizi fedha kwa kitu ambacho sijakigusa, na namsihi kila anayesoma asitangulize. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040 ili namba ya tapeli ishughulikiwe.

Kwa simu za mkononi mpangilio hubadilika, kwa sababu duka lenye risiti hushinda njia zote nne. Ukilazimika kununua iliyotumika, bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho, kisha itume kwenda 15090 uone kama ni halisi. Tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa kwenye mitandao ya nchini.

Siku ya kuchukua friji, andikeni karatasi yenye majina, namba ya kitambulisho cha NIDA ya muuzaji, aina ya friji na bei, na shahidi mmoja aweke sahihi. Karatasi hiyo itakulinda likija kusemekana ni mali ya wizi. Lipa likiwa limeshapakiwa. Mwambie dereva wa kirikuu alisimamishe na kulifunga kwa kamba, hata akisema akililaza nafasi itatosha. Ukilifikisha nyumbani liache wima saa kadhaa bila kuliwasha, na ikiwa lililazwa njiani liache hadi kesho yake, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.